Weusi wa Nzigire

Asubuhi ile Nzigire alifungua gunia la mkaa akakuta mkaa wote ni wa kijivu. Haukuwa majivu. Ulikuwa mkaa mzima, mgumu, unaolia ukigonganishwa, ila rangi yake ilikuwa kama nywele za kizee. Aliusugua, kidole hakikuchafuka. Akaupanga kwenye mbabula, jiko lake la mkaa, akauwasha, ukashika moto vizuri, chai ikachemka. Mwanamke mwingine angekaa akajiuliza. Nzigire alifunga kitenge akaenda kugombana na muuza mkaa.

Muuza mkaa alikuwa Odette, mnene, mcheshi, aliyekaa chini ya kituo cha mabasi cha Kamembe akiwa mweusi wa vumbi la biashara yake hadi kwenye meno.

"Odette, uliniuzisha nini hii?"

Odette akakamata kipande, akakigeuza, akakinusa.

"Hii si yangu. Yangu yote iko nyeusi sawa roho ya mama-mukwe wako. Angalia." Akachota mkono mzima kwenye gunia jingine, na kweli mkaa ule ulikuwa mweusi. "Ya kwako uliitosha wapi, ku Bazungu?"

"Niliitosha hapa hapa, na weye njo ulinifungia."

"Basi iliona kitu ku nyumba yako, ikaogopa." Odette akacheka, halafu akaacha kucheka, akainama kumtazama. "Nzigire, na nyusi zako? Ulinyoa?"

Nzigire akajigusa. Nyusi zilikuwepo, nyingi kama zamani. Akamwambia Odette jua limemchoma macho, akaenda zake.

Mume wa Nzigire aliitwa Cassien. Alizaliwa Uvira, akakulia Bukavu, na baada ya vita akavuka mto Rusizi "kurudi" kwenye nchi ya babu zake ambayo hakuwahi kuikanyaga, kama walivyorudi wengi. Nzigire, Mushi kwa kabila, mzaliwa wa Bukavu, alivuka pamoja naye. Wakafungua studio ya picha kwenye mteremko unaotoka sokoni, wakaishi humo humo. Zamani, enzi ya filamu, studio ile ilikuwa ya mtu mwingine, na nyuma yake kulibaki chumba cha giza walimokuwa wakisafishia picha, hakina dirisha, kina pazia zito mlangoni. Siku hizi mlikuwa na ndoo na viti vibovu. Kompyuta ilipatikana baada ya Nzigire kuuza vitenge vyote vya biashara yake. Hilo si la kulipigia hesabu hapa, ila lijulikane.

Cassien alipiga picha, Nzigire alikaa kwenye kompyuta akizisafisha. Mwaka ule redio ilikuwa imeanza tena kutaja Goma, watu wakawa wanavuka mpaka na mabunda kichwani, na bado harusi zilifungwa. Na kila bibi harusi alitaka picha laini. Wasomi watasema ni mtindo. Labda Kigali ulikuwa mtindo. Kamembe watu walikuwa na sababu. Huyu ana shavu lililoshonwa na nesi aliyekuwa akitetemeka. Yule ngozi yake iliivia msituni. Mwingine hana alama yoyote, ila macho yake ukiyatazama sana unaomba ruhusa utoke. Hakuna aliyetaka uso wake uonekane wote.

Namna ya kulainisha si uchawi. Picha ina weusi wake na weupe wake. Unavuta weusi juu mpaka uwe kijivu, unashusha weupe mpaka uwe maziwa, unapunguza ule ukali unaoonyesha kila kinyweleo, unatia joto kidogo, na uso unakuwa kama unauona kupitia mvuke wa chai. Lakini ukikosea, picha inapauka tu, kama nguo iliyochemshwa na sabuni nyingi. Za Cassien zilikuwa zinapauka. Wateja walilalamika kwamba wanaonekana kama wagonjwa wa ini.

Basi siku moja, kabla ya ule mkaa kupauka, Cassien akarudi kutoka Bukavu na flashi, na ndani yake mlikuwa na kitu alichokiita mapishi: namna ya kulainisha iliyokwisha kupangwa, unaitupia picha, inaiva mara moja. Alipewa na mpiga picha aliyekuwa akifunga duka kuhama. Na kweli, zilitoka picha za ajabu. Weusi uliondoka lakini uso haukufa. Mabibi harusi waliokuwa wakitishwa na kioo walilia wakijiona.

Mapishi yale yalitaka uso mmoja wa kujengewa juu yake, picha mama, ambayo nyingine zote zingefuata. Cassien akaweka ya Nzigire, ile ya harusi yao. Nzigire alifurahi. Kwa nini asifurahi? Mwanamke haulizi kila siku mumewe anamwonaje, na pale alijibiwa bila kuuliza. Kitu kimoja tu kilimchoma. Kabla ya kuiweka, Cassien aliisafisha, akafuta kovu.

"Juu ya nini umetosha alama yangu?"

"Nzuri hivi. Iko safi."

Kovu lile lilianzia kwenye nyusi ya kushoto likashuka hadi sikioni. Alilipata Bukavu, siku zile watu walipokuwa wakitafutwa nyumba kwa nyumba kwa ajili ya majina yao. Cassien alikuwa amelala chini ya magunia ya maharage jikoni kwa mama yake Nzigire, na Nzigire alikuwa amesimama mbele ya magunia. Waliuliza yuko wapi. Alisema hajui. Waliuliza tena kwa kitako cha bunduki. Alisema hajui. Watu huwaza kwamba mume aliyeokolewa hivyo atalibusu kovu lile kila asubuhi. Mwaka wa kwanza, ndiyo. Baadaye alianza kunywa chai akiwa ametazama mlango.

Baada ya mkaa ikaja sufuria. Nzigire alipika maharage, yakaiva, lakini masizi ya chini ya sufuria yalikuwa meupe. Kitenge chake cheusi cha msiba, kilichokaa sandukuni bila kuvaliwa, kilitoka kama maji ya kuoshea mchele. Mwendesha pikipiki karibu amgonge pale mzunguko, akashika breki mpaka tairi likanuka.

"Pole Maman. Nilizani ni moshi."

Nyumbani alijitazama kwenye kioo. Nywele, nyusi, mboni za macho, vyote vilikuwa vinaelekea kijivu, si kijivu cha uzee, uzee una nguvu zake, bali kijivu cha kitu kilichooshwa mara nyingi. Kovu peke yake lilibaki jeusi na kali, mstari mmoja wa wino kwenye karatasi iliyolowana.

Na studio ilianza kunuka. Ilikuwa harufu ya utambi wa taa uliozimwa sasa hivi, ingawa hakuna taa ya utambi mle ndani. Ilikuja kila alipotupia picha mapishi, ikifuatana na sauti. Mwanzoni aliidhania feni ya kompyuta. Lakini feni haifyonzi. Hii ilikuwa inafyonza, taratibu, kwa adabu, kama mtu anayekunywa uji wa moto na hataki kusikika, na ilitoka chini ya meza, ikatambaa sakafuni, ikaishia nyuma ya pazia la chumba cha giza.

Kisha mama mkwe akaja kumshukuru. Huyo alikuwa Patricie, mama yake Cassien, ambaye katika miaka yote alikuwa hajamshukuru Nzigire kwa lolote.

"Aksanti kwa sambaza, binti yangu. Zilikuwa tamu."

"Sambaza gani, mama?"

"Zile ulileta asubuhi. Na nimefurahi kuona uso yako imepona. Nilikuambiaka ile alama itaisha ukipaka mafuta ya ng'ombe." Patricie alisema hayo akiangalia kidogo pembeni ya Nzigire, kama anayesema na mtu aliyeketi kiti cha jirani. Nzigire hakuwa amenunua samaki wiki nzima.

Alasiri moja mvua kubwa ilinyesha, umeme ukakatika, Cassien akiwa kanisani anapiga picha za ubatizo. Kompyuta ilizimika. Sauti ya kufyonza haikuzimika. Nzigire hakuwa mwoga, aliyesimama mbele ya yale magunia hawezi kuitwa mwoga, na akasema moyoni kwamba ni panya, na akijua si panya akachukua fagio, akaenda kwenye pazia, akalivuta, na mle ndani, ambamo hata mchana palikuwa giza tupu, siku hiyo giza halikuwa tupu, lilikuwa limejaa, lilikuwa na uzito na unyevu kama udongo wa kisima, lilipanda kutoka sakafuni likashikana juu ya kiti kibovu, na juu ya kiti hicho, likiwa bado linajikusanya kutoka pembeni kama maji yanavyorudi kwenye shimo, lilikuwa limeketi umbo la mwanamke linalojichana nywele, nywele nyeusi, nyeusi kuliko weusi wowote uliobaki Kamembe, weusi wa macho ya kila bibi harusi aliyelainishwa na wa kila suti ya bwana harusi na wa kila kivuli kilichoinuliwa mpaka kikawa maziwa, na juu ya weusi wote huo, katikati, uso wa Nzigire wa siku ya harusi, mzuri, laini, bila kovu.

"Umechoka," lilisema, kwa sauti yake mwenyewe. "Lala kidogo. Ntakaa ku meza."

Waislamu wa sokoni wangeliita jini. Padri angeliita pepo. Wazee wa zamani wangesema muzimu. Jina halikusaidia kitu. Nzigire alirudisha pazia polepole, kama unavyofunga mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala, akatoka akasimama kwenye mvua mpaka Cassien aliporudi, na Cassien alimpita pale mlangoni bila kumwona, akaingia ndani, akaita jina lake, na ndani mtu akaitika.

Nzigire alimfuata hadi kizingitini, akamvuta shati kwa nyuma.

"Niko hapa," alinong'ona. "Cassien. Njo hapa inje."

Akatoka. Alimtazama kwa shida, akikunja macho, mpaka alipokuta kovu, na hapo macho yake yakatulia. Nzigire akaona kwamba hakushangaa. Hilo ndilo lililomwingia kama baridi, kuliko mvua.

"Ile mapishi," alisema, "ule muntu wa Bukavu alikuambia nini?"

"Alisema itafanya ma-foto laini."

"Alikuambia nini tena?"

Cassien alipangusa kamera yake kwa pindo la shati. Haikuwa na maji.

"Alisema weusi hauishake. Ukiutosha ku foto, lazima uende fasi ingine. Unatafuta uso moja ya kuanzia, ile itachangia kila siku kidogo, na kile kitu kitakula, hakitasumbua bateja." Akaipangusa tena lenzi kavu. "Alisema nitafute muntu mwenye hawezi kunikatalia."

"Na weye ukaona mimi."

"Ningeweka ya nani, Nzigire? Ya mama?"

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi. Nzigire aliwahi kupigwa kitako cha bunduki na hakuanguka. Siku hiyo alikaa chini kwenye matope.

"Itoshe," alisema. "Leo."

"Ni foto tu."

"Itoshe, Cassien."

Umeme uliporudi Cassien akaitoa. Alifuta mbele yake, akamwonyesha kwamba hakuna tena, akamshika mabega, akalia, na Nzigire akalia pia kwa shukrani, mjinga huyo. Kesho yake bibi harusi mmoja wa Bugarama aliondoka na picha laini mpaka zinateleza. Nakala ya mapishi ilikuwa kwenye flashi ambayo Cassien aliivaa shingoni pamoja na rozari.

"Harusi za mwezi wa nane ziishe kwanza," alisema alipoulizwa. "Alafu natupa mu ziwa. Naapa."

Lakini kile kitu hakikungoja mwezi wa nane uishe. Siku moja Nzigire alirudi kutoka sokoni na mboga za lengalenga kichwani, akasimama mlangoni pa studio yake, akaona mgongo wake mwenyewe. Mwanamke ameketi kwenye kompyuta, amevaa kitenge chake kile cha maua, shingo yake, hereni zake, nywele nyeusi kama lami mbichi. Mbele ya meza alikuwa binti mmoja mchumba, Benitha, anacheka mpaka anashika mbavu, na Cassien ameegemea ukuta anacheka pia, kicheko ambacho Nzigire hakukisikia tangu Bukavu.

"Hodi," alisema Nzigire, kwenye nyumba yake.

Benitha alijikunyata. "Funga mulango, Papa Cassien. Upepo uko na baridi."

Yule kwenye kiti akageuka. Alimtazama Nzigire sawasawa, kwa macho yenye weusi wa watu wengi, akatabasamu kama mwenyeji anayemwona mgeni asiyealikwa lakini hataki kumwaibisha mbele za watu, na bila kuondoa macho akabonyeza kidole kimoja, na chini ya meza ikasikika ile sauti ya kufyonza, na Nzigire aliona rangi ikitoka kwenye mikono yake, ikianzia kuchani, ikipanda, mpaka mboga alizobeba zikaonekana kama zinaelea zenyewe, na hapo ndipo Benitha alipopiga ukelele na Cassien akaufunga mlango, taratibu, kwa ndani.

Nzigire alilala kwa Odette. Odette alimsikia zaidi kuliko kumwona, na kwa sababu alikuwa mtu wa akili alimwekea kipande cha mkaa mkononi ajue alipo. Mkaa ulipauka.

"Huyu si wa kuombea ku nyumba," Odette alinong'ona. "Huyu ni wa Mzee Mbarushimana."

Mzee Mbarushimana alikaa Rwimbogo, katikati ya mihogo yake, na watu walitoka hata Bukavu kumfuata. Hakuwa na mafuta ya kuuza wala maji ya chupa. Alikuwa ametoa pepo wengi kwenye nyumba nyingi na hakuwahi kujisifu. Nzigire alimkuta anaparua mhogo.

"Sogea karibu useme, mama," alisema mzee, akitazama hewa. "Macho yangu si mazuri leo."

Nzigire akamweleza yote, kwa sauti ambayo nayo ilikuwa inaisha, ikawa kama kitambaa kinachoburuzwa. Mzee alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Mimi sinaonaka pepo," alisema. "Mwenye kukuambia anabaona ni mwongo. Pepo mujanja anaweza kuwa mzuri kuliko wewe, anaweza hata kuimba Zaburi. Mimi nafanya hivi: naita mwenye nyumba, namwambia aweke mukono ku kichwa ya kila muntu mwenye eko wake. Mwenye hajaguswa, njo naamuru atoke. Mwenye nyumba anajua bake. Haiyakoseaka hata siku moja."

Odette, aliyekuwa amemsindikiza, akasogeza maganda ya mhogo kwa mguu.

"Na kama mwenye nyumba njo mwongo, Mzee?"

"Mu jina la Mungu, mbele ya mama yake, na mukono wake mwenyewe? Sijaona."

Nzigire alisema yuko tayari. Odette alimwambia njiani asiende, akamwambia afadhali avuke mto akae kwa mama yake. Lakini Nzigire alikuwa na hesabu yake. Cassien ni mwoga, sawa. Ni mwongo wa biashara, sawa. Alimfungia mlango kwa sababu ya aibu ya mteja. Lakini uweke mbele yake wanawake wawili, mmoja ana alama na mmoja hana, umwambie aguse aliye wake: mtu aliyelala chini ya maharage akisikiliza mfupa wa mwenzake unapasuka hawezi kukosea hapo. Hiyo haikuwa imani hata. Aliiona kama jambo la kawaida, kama jua.

Jumamosi mchana mzee akaja na wanawake wawili wa kuimba. Walifungua milango yote mwanga uingie. Patricie alikaa kwenye mkeka na rozari yake. Cassien alisimama katikati ya chumba. Yule mwingine alikaa kwenye kiti, ameinamisha kichwa kwa unyenyekevu, mikono mapajani, mke mwema kabisa. Nzigire alisimama ukutani. Mmoja wa waimbaji alisogeza kiti chake mbali na ukuta huo akasema panatoka ubaridi.

Waliimba. Harufu ya utambi ikajaa nyumba, waimbaji wakakohoa, hawakuacha. Mzee akainua mkono.

"Papa Cassien. Weka mukono ku kichwa ya kila mwenye eko wako. Usiharakishe."

Cassien alianza na mama yake. Patricie akasema amina.

Kisha akageuka, na kwanza akamtazama yule wa kwenye kiti, nywele zake, shavu lake zima, na halafu akatazama ukutani. Alikunja macho kama kawaida yake ya siku hizi, akatafuta, akakuta mstari mweusi kutoka kwenye nyusi hadi sikio, na macho yake yakatulia hapo. Alimwona. Nzigire alijua kwamba amemwona kwa sababu uso wa Cassien ulibadilika, ukawa uso ule wa kunywa chai akitazama mlango, uso wa mtu aliyechoka kudaiwa na asiyemdai. Nzigire alimnyooshea kichwa kidogo, akakiinamisha mbele, ili mkono ufike kwa urahisi.

"Nzigire," alisema Cassien, kwa upole sana.

Akaweka mkono juu ya kichwa cha yule wa kwenye kiti.

"Huyu njo bibi yangu," alisema. "Bengine hakuna."

"Una hakika?" aliuliza mzee.

"Bengine hakuna."

Mzee Mbarushimana alikuwa mtu mwaminifu na alifanya kazi yake kwa uaminifu. Aliugeukia ukuta, akainua mikono miwili, na sauti yake ikawa kubwa kuliko mwili wake, akaamuru kisichokuwa cha nyumba ile kitoke, kisirudi, kisiguse kizingiti, kisiite jina la mtu yeyote wa mle ndani, na waimbaji wakamfuata wakipiga makofi, na Patricie akapiga makofi, na Nzigire, aliyekuwa ameuza vitenge vyake kwa ajili ya nyumba ile, aliyepaka chokaa kuta zile kwa mikono yake, alisikia miguu yake inatii, mguu mmoja, halafu mwingine, akajaribu kushika pazia, vidole vikapita, akajaribu kushika mlango, mlango haukumjua, na makofi yakamsukuma mgongoni kama viganja vya watu wengi mpaka akajikuta barabarani, kwenye jua la mchana, bila kivuli.

Ndani mzee alishukuru Mungu. Akanawa mikono, akakataa chakula, akaondoka na waimbaji wake, akampita Nzigire karibu sana hata akafunga kola ya koti. Patricie alikwenda kwake kulala. Wale wawili wakabaki.

Nzigire alisimama chini ya dirisha. Mle hakuweza kurudi tena, hilo alilisikia kwenye miguu. Lakini kusikia alisikia.

"Mupenzi," ilisema sauti yake mwenyewe mle ndani, sauti nzuri, iliyoshiba. "Ile uso ya kwanza imeisha. Tunaanza na ingine."

"Ya nani?" Cassien aliuliza. Alikuwa bado ana furaha, alidhani wanazungumza biashara.

"Ya muntu mwenye hawezi kunikatalia. Kaa pale ku mwanga nikupige foto."

Kisha Cassien akacheka, kwa sababu alidhani ni mzaha, na kiti kikaburuzwa kuelekea dirishani.

Nzigire alijipima koo. Sauti ilikuwa imebaki kidogo, ya kutosha neno moja, labda mawili kama mafupi. Cassien alikuwa amekaa upande wa pili wa kioo, angeweza kumgusa kisogo kama kioo kisingekuwepo. Usikae. Hilo ni neno moja. Angelisikia.

Nzigire akafunga mdomo.

Akashika njia ya kuteremka mtoni. Nyuma yake kamera ililia, na baadaye kidogo ikafuata ile sauti ya uji wa moto. Hakugeuka. Ng'ambo, kwenye mlima wa Bukavu, mama yake alikuwa ameketi barazani kama kila siku, macho yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho, na tangu miaka mingi hakuwa amemtambua mtu yeyote kwa sura, ila kwa sauti tu. Unafika, unasema mama, anakutambua au hakutambui. Neno lenyewe ni fupi. Nzigire alilibeba mdomoni kama mtu anayevuka mto na kaa la moto, bila kusema na yeyote njia nzima.